Kutoka Jina la Kanisa Hadi Kijiji cha Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Watakatifu wa Wahamiaji

Ukitembea St. Louis, Cincinnati, Chicago au Milwaukee, au ukipita vijiji vya wakulima vya Ohio, Wisconsin na Minnesota, utakuta makanisa makubwa ya matofali na mawe yaliyojengwa na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19. Baadhi yana majina ambayo hata Mkatoliki aliyelelewa katika katekisimu hajapata kuyasikia: Liborius, Kilian, Wendelin, Walburga, Ludger. Siku hizi katika mabenchi hayo wanakaa waamini wa mataifa mengi, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili, na mara nyingi hakuna wa kuwaeleza kwa nini somo (mtakatifu msimamizi) wa kanisa lao ni huyu na si mwingine.

Majina hayo hayakuokotwa njiani. Watu wa Westfalen, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, walipenda kumchagua mtakatifu wa Westfalen; watu wa Franken, kaskazini mwa Bavaria, wakamchagua wa Franken. Kwa hiyo jina la kanisa linaweza kukufikisha kwenye jimbo, yaani eneo la askofu, na wakati mwingine hadi kijiji, walikotoka waasisi. Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandaa historia ya parokia kwa ajili ya jubilei, anayetafuta ukoo, au anayetaka tu kujua ni nani waliopandisha mnara ule anaopita chini yake kila Jumapili. Kazi inahitaji daftari, intaneti na subira.

Kabla hujaanza, shika jambo hili: jina la kanisa ni ushahidi, na ushahidi huhojiwa. Wapo waliojiandikia historia nzuri sana juu ya jina ambalo kumbe lilitoka kwa mfadhili au kwa shirika la watawa. Ukiwa na haraka, punguza kwenye hatua nyingine, lakini ya nne usiiruke.

Hatua ya 1: Pata jina la kwanza, jinsi lilivyoandikwa mwanzoni

Usitegemee kibao cha nje. Parokia nyingi za Kijerumani mijini zimeunganishwa na jirani zake, na parokia iliyounganishwa mara nyingi hupewa jina jipya. Anza na jiwe la msingi, ambalo huwa kwenye pembe ya jengo karibu na mlango mkuu. Tafuta maneno ya Kijerumani kama *Deutsche Kirche* (kanisa la Kijerumani), jina la mtakatifu na mwaka. Kisha ulizia kengele, maana kengele za zamani zina maandishi yaliyochongwa yakitaja somo, mwaka na pengine aliyezilipia. Halafu tafuta vitabu vya jubilei ya miaka 25 au 50, ambavyo hadi Vita Kuu ya Kwanza vilichapwa kwa Kijerumani. Kama parokia imefungwa, nyaraka zake kwa kawaida huhamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo, andikia huko.

Andika daftarini kila umbo la jina utakaloliona, kwa sababu jina moja huvaa sura nyingi. Liborius amekuwa Libory huko Illinois na Nebraska, ambako vijiji viwili vinaitwa St. Libory. Laurentius ni Lorenz na ni Lawrence. Mauritius ni Moritz na Maurice. Vitus ni Veit. Odilia ni Ottilia na Odile. Aegidius ndiye anayewapotosha wengi, kwa kuwa kwa Kiingereza anaitwa Giles, na macho hayaoni uhusiano wowote kati ya maandishi hayo mawili. Ukitafuta kwa umbo moja tu, utakosa nusu ya nyaraka.

Hatua ya 2: Tambua dhehebu

Wengi hudhani jina la mtakatifu maana yake ni Katoliki. Kwa Wajerumani sivyo. Walutheri waliohamia walikuwa na makanisa mengi yenye majina ya mitume, kama Paulo, Yohane na Petro, na mengine ya Sayuni, Imanueli na Utatu. Majina haya hayataji sehemu yoyote ya Ujerumani. Lakini wapo Walutheri waliovuka na watakatifu wa kwao hasa, na mfano wao ni mzuri mno kuuacha.

Mwaka 1845 kikundi kidogo cha Walutheri kutoka Franken, kilichoandaliwa na mchungaji Wilhelm Löhe wa Neuendettelsau, kilifika Michigan na kuanzisha Frankenmuth. Usharika wao waliuita St. Lorenz. Baadhi ya wahamiaji hao walitoka Roßtal, ambako kanisa la zamani la mji ni la Mtakatifu Laurenti. Miaka michache baadaye, watu wengine wa Löhe walihamia Iowa na kuanzisha makazi waliyoyaita St. Sebald, na mwaka 1854 hapo ndipo Sinodi ya Kilutheri ya Iowa, muungano wa sharika, ilipoundwa. Sasa fungua ramani ya Nürnberg, mji mkubwa wa Franken. Makanisa yake mawili makuu, moja kila upande wa mto Pegnitz, ni St. Lorenz na St. Sebald, na yote mawili yamekuwa ya Kilutheri tangu Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16. Walutheri wa Franken hawakuwa wakiwaomba watakatifu hao, ila majina yaliyowakumbusha nyumbani hawakuyaacha.

Kwa hiyo usidhani. Thibitisha dhehebu la mwanzo, maana litaamua ni hifadhi zipi za nyaraka utakazozifungua katika hatua za mwisho.

Hatua ya 3: Mpime mtakatifu, anasema kiasi gani?

Gawa majina katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni watakatifu wa wote: Maria kwa majina yake yote, Yosefu, Petro na Paulo, Yohane Mbatizaji, Antoni. Hawa hawakuambii waasisi walitoka eneo gani. Kanisa la Westphalia, Missouri, ni la Mtakatifu Yosefu. Hapo jina la kijiji ndilo linalosema walikotoka, na somo yuko kimya. Kwa makanisa kama hayo, ukishamaliza hatua ya 4, tegemea zaidi hatua ya 5.

Fungu la pili ni watakatifu wa Wajerumani wote, na mkuu wao ni Bonifasi. Alikuwa mmonaki Mwingereza aliyewahubiria Wajerumani, akauawa mwaka 754 huko Dokkum, katika Uholanzi ya leo, na kuzikwa Fulda. Karne ya 19 alikuwa nembo ya Ukatoliki wa Kijerumani kwa jumla. Kanisa la Bonifasi Chicago, San Francisco au Louisville linakuambia kwamba waasisi walikuwa Wajerumani na walitaka ijulikane hivyo. Halikuambii walitoka Bavaria au Rhine. Jina hili lilifika hata Kanada: mwaka 1818 padre Norbert Provencher aliyaita makao yake ya misioni St. Boniface, ng'ambo ya mto kutoka Winnipeg ya leo, kwa sababu walikuwepo pale askari Wakatoliki wenye asili ya Kijerumani. Wachunguzi wengi hupoteza muda kutaka Bonifasi awape kijiji. Hawezi.

Fungu la tatu ndilo dhahabu: watakatifu wa jimbo au wa eneo. Hawa hapa wale wanaofaa kujulikana kwanza.

Liborius ni Paderborn, katika Westfalen. Alikuwa askofu wa Le Mans, Ufaransa, na masalia yake yalihamishiwa Paderborn mwaka 836. Hadi leo mji huo huadhimisha sikukuu yake kila Julai kwa siku kadhaa. Ukikuta Liborius Marekani, shuku Paderborn kabla ya kwingine. Kanisa lake mashuhuri huko ni lile la St. Louis, la parokia iliyoanzishwa 1856. Lilifungwa 1992, likageuzwa uwanja wa kuchezea ubao wa magurudumu, na mwaka 2023 moto ukaliharibu vibaya. Hilo peke yake latosha kukuhimiza upige picha na kunakili maandishi mapema.

Ludger ni Münster, Westfalen ya kaskazini. Alikuwa askofu wa kwanza wa Münster na alifariki mwaka 809. Parokia ya Creighton, Nebraska, ina jina lake. Kumbuka kwamba jimbo la Münster lilienea hadi sehemu ya kusini ya Oldenburg, eneo lililotoa wahamiaji wengi waliokwenda Ohio. Mji wa Minster, Ohio, ulipata jina lake kutoka Münster.

Kilian ni Würzburg. Alikuwa mmisionari kutoka Ireland, akauawa huko mwaka 689 pamoja na wenzake Kolonat na Totnan. Wisconsin ina kijiji kinachoitwa St. Kilian.

Heinrich na Kunigunde, kaisari na mkewe, ni Bamberg. Jimbo hilo waliliasisi mwaka 1007 na wamezikwa katika kanisa lake kuu. Walburga na kaka yake Willibald ni Eichstätt. Ulrich ni Augsburg. Wolfgang na Emmeram ni Regensburg. Korbinian ni Freising, karibu na München. Rupert ni Salzburg, kwa hiyo mpeleleze pia Austria. Florian naye ni wa Austria ya Juu, ingawa kwa kuwa huombwa dhidi ya moto amesambaa mno.

Meinrad na Gallus ni wa Uswisi inayozungumza Kijerumani. Abasia ya St. Meinrad, Indiana, ilianzishwa mwaka 1854 na wamonaki kutoka Einsiedeln, mahali ambapo Meinrad aliuawa na wanyang'anyi mwaka 861. Na Maria Stein, Ohio, ingawa ni jina la Bikira Maria, limechukuliwa kutoka Mariastein, mahali pa hija karibu na Basel. Hii ni njia nzuri ya kukumbuka kwamba hata Maria, akiitwa kwa jina la mahali pa hija, anarudi kuwa shahidi wa eneo.

Wendelin nimemweka mwisho kwa makusudi. Kaburi lake liko St. Wendel, Saarland, na huko ndiko mzizi. Lakini yeye ni somo wa wachungaji na wafugaji, na wakulima wa kusini-magharibi nzima, kuanzia Saar na Pfalz hadi Baden na Alsace, walimheshimu. Hata walowezi wa Kijerumani waliohamia Hungaria walikwenda naye. Ukikuta St. Wendel ya Indiana au ya Minnesota, au St. Wendelin ya Ohio, andika "kusini-magharibi, inahitaji uthibitisho". Usiandike Saarland moja kwa moja.

Hatua ya 4: Uliza ni nani aliyechagua jina

Katika hatua hii uchunguzi mwingi huanguka. Mtakatifu anaweza kuwa wa Kijerumani kabisa na bado asiwe wa nyumbani kwa waasisi.

Kwanza, mfadhili. Kanisa la St. Michael, Chicago, lilianzishwa 1852 kwenye kiwanja kilichotolewa na Michael Diversey, mtengenezaji wa bia, na jina ni la somo wake. Huko Buffalo, New York, Louis Le Couteulx alitoa ardhi mwaka 1829 na kanisa likaitwa St. Louis, ingawa waamini wengi wa mwanzo walikuwa Wajerumani na watu wa Alsace. Kabla ya kutafsiri jina lolote, pata orodha ya waliotoa ardhi na ulinganishe majina yao ya ubatizo na jina la kanisa.

Pili, shirika la watawa. Parokia nyingi za Kijerumani zilihudumiwa na mashirika, nayo yalileta watakatifu wao. Alfonsi kwa kawaida ni alama ya Waredemptoristi, kama ilivyo kwa kanisa la St. Alphonsus, Baltimore. Benedikto na Skolastika ni Wabenediktini. Fransisko na Antoni mara nyingi ni Wafransisko. Mfano ninaoupenda ni kanisa la St. Fidelis huko Victoria, Kansas. Fidelis alikuwa Mjerumani wa Sigmaringen aliyeuawa mwaka 1622, kwa hiyo mtu angeweza kuapa kwamba waasisi walitoka huko. Wakulima walioanza kukaa hapo mwaka 1876 walikuwa Wajerumani wa Volga, Urusi, ambao babu zao walikuwa wameondoka Ujerumani zaidi ya karne moja kabla. Fidelis alikuwa Mkapuchini, yaani wa tawi mojawapo la Wafransisko, na Wakapuchini ndio waliowahudumia. Jina linasema habari za mapadre. Habari za wakulima zimo kwenye mawe yenyewe: kanisa lilijengwa kati ya 1908 na 1911, na kila mwamini aliyetimiza miaka 12 alitakiwa kutoa dola 45 kwa mwaka na kuleta shehena sita za mawe kwa gari la farasi.

Tatu, wafadhili wa ng'ambo. Shirika la Leopoldina la Vienna, lililoanzishwa 1829, na Chama cha Misioni cha Ludwig cha München, kilichoanzishwa 1838, vilituma fedha, vyombo vya ibada na michoro. Kanisa la zamani la St. Mary, Milwaukee, lina picha ya altareni iliyotolewa na Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria. Ukikuta Leopold au Ludwig, uliza kwanza nani alilipa.

Nne, kalenda. Misa ya kwanza ikiadhimishwa kwenye sikukuu ya mtakatifu fulani, au ikiwa karibu nayo, huenda jina limetoka hapo. Linganisha tarehe ya kuanzishwa na tarehe za sikukuu: Kilian Julai 8, Liborius Julai 23, Wendelin Oktoba 20, Ludger Machi 26, Bonifasi Juni 5.

Hatua ya 5: Ingia ndani, tazama sanamu

Kwangu hii ndiyo hatua yenye utajiri kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Somo mkuu wa kanisa alichaguliwa na padre, askofu, kamati na mfadhili kwa pamoja. Palikuwa na mivutano. Sanamu za pembeni na vioo vya rangi vililipiwa na familia moja moja au na vyama vya waamini, na watu hao waliweka waliyemtaka. Kanisa la Mtakatifu Yosefu linaweza kuwa kimya mlangoni na kusema kila kitu kwenye altare ya kushoto.

Kwa kuwa sanamu nyingi hazina majina, unahitaji kuzitambua kwa alama zake. Askofu mwenye kitabu kilichochomwa kwa upanga ni Bonifasi. Wakati mwingine ana shoka na kisiki cha mwaloni, kwa sababu alikata mti uliotukuzwa na wapagani. Askofu mwenye vijiwe juu ya kitabu ni Liborius, anayeombwa na wagonjwa wa mawe ya figo. Askofu mwenye bata bukini miguuni ni Ludger. Mwenye samaki juu ya kitabu ni Ulrich. Mwenye shoka na mfano mdogo wa kanisa ni Wolfgang. Askofu mwenye upanga mkononi katika kanisa la watu wa Franken huenda ni Kilian, hasa akiwa na wenzake wawili pembeni.

Mtawa wa kike mwenye kichupa cha mafuta ni Walburga. Kimiminiko kinachotoka kaburini kwake Eichstätt hadi leo hugawiwa kwa waamini. Malkia mwenye majembe ya plau ni Kunigunde. Kijana mwenye fimbo ya mchungaji na kondoo au ng'ombe ni Wendelin. Mwenye minyororo na farasi au ng'ombe ni Leonard, anayependwa sana Bavaria. Askari anayemwagia maji nyumba inayoungua ni Florian. Mmonaki mwenye kunguru wawili ni Meinrad. Msafiri wa hija mwenye mfano wa kanisa ni Sebald. Shemasi mwenye chanja ya chuma ni Laurenti.

Kwenye vioo, soma chini kabisa. Neno *Gestiftet von* au *Geschenk von* hufuatiwa na jina la aliyetoa, na majina hayo ndiyo utakayokwenda nayo kwenye rejista. Vioo vingi vilitengenezwa München na karakana za Mayer na Zettler, hivyo mtindo wa Bavaria kwenye kioo hauthibitishi kwamba waamini walitoka Bavaria. Piga picha kila kioo, kila sanamu, na maandishi yake kwa karibu. Omba ruhusa kwa paroko, na uombe pia kuona vyumba vya juu na sakristia, maana huko ndiko sanamu zilizoondolewa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani zilikowekwa.

Hatua ya 6: Jihadhari na mipaka

Watakatifu kadhaa wanagombaniwa na mataifa jirani. Hedwig alizaliwa katika ukoo wa Andechs, Bavaria, akaolewa Silesia, akafariki mwaka 1243, na Wapolandi wanamwita Jadwiga. Kijiji cha St. Hedwig, Texas, ni cha Wapolandi wa Silesia. Kunigunde wa Bamberg huchanganywa na Kinga wa Poland, na wote wawili huandikwa Cunegunda. Yohane Nepomuk ni wa Bohemia: kanisa lake la St. Louis, la mwaka 1854, ni la Wacheki, ila Wajerumani wa Bohemia nao walimpenda. Willibrord ni wa Echternach, Luxemburg, na pia wa Waholanzi.

Dawa ni ndogo: angalia lugha ya jiwe la msingi na majina ya ukoo kwenye makaburi ya kwanza. Hapo utajua kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 7: Rejista za sakramenti

Kufikia hapa una dhana, kwa mfano: "Waasisi walitoka jimbo la Paderborn." Sasa ithibitishe. Chukua majina ya waasisi, wadhamini wa kwanza na watoaji wa vioo, watu kumi hadi ishirini, na uwatafute kwenye rejista za ubatizo, ndoa na mazishi. Mapadre wa Kijerumani mara nyingi waliandika kijiji alikozaliwa bwana harusi au marehemu, jambo ambalo mapadre wengine hawakulijali. Rejista za ndoa na mazishi huwa na habari hii kuliko za ubatizo. Nyingi zimepigwa picha na zinapatikana kupitia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo; nyingine utaomba kwa jimbo.

Rejista zitakuwa kwa Kilatini au Kijerumani. Henricus ni Heinrich, Guilielmus ni Wilhelm. *7bris* ni Septemba, *8bris* Oktoba, *9bris* Novemba, *Xbris* Desemba. Usizisome kama mwezi wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi. Neno *oriundus* hutangulia mahali mtu alikotoka. Majimbo nayo yana majina yake ya Kilatini: *Monasteriensis* ni Münster, *Herbipolensis* ni Würzburg, *Ratisbonensis* ni Regensburg, *Spirensis* ni Speyer, *Moguntina* ni Mainz. Na ukisoma *Argentinensis*, usitafute Amerika ya Kusini. Hiyo ni Strasbourg, Alsace.

Sensa za Marekani za 1860 na 1870 zinasaidia kidogo, kwa kuwa mara nyingi hutaja dola alikozaliwa mtu: Prussia, Bavaria, Hanover. Prussia isikudanganye. Tangu 1815 Westfalen na sehemu kubwa ya Rhine zilikuwa chini yake, kwa hiyo mtu wa Paderborn aliandikwa Mprussia. Orodha za abiria wa Hamburg, kuanzia 1850, zipo na hutaja mahali mtu alikotoka. Za Bremen, bandari iliyotumiwa na Wakatoliki wengi wa Westfalen na Oldenburg, nyingi ziliteketezwa. Ndiyo maana rejista za parokia zina thamani kubwa hivi.

Wakipatikana hata watu sita kati ya hao ishirini wenye vijiji vinavyojulikana, vitie kwenye ramani. Vikikusanyika eneo moja, umefika.

Hatua ya 8: Vuka bahari

Kila jina la kijiji lihakiki kwanza kwenye kamusi ya majina ya mahali ya Ujerumani ya Meyers ya mwaka 1912, iliyopo bure mtandaoni. Itakuonyesha kama kijiji kilikuwa na kanisa la parokia, na la dhehebu gani. Majina ya vijiji Ujerumani hujirudia sana. Neukirchen ziko nyingi, na ni jimbo tu litakalokuambia ni ipi.

Kwa Wakatoliki, fungua Matricula, tovuti ya bure yenye picha za rejista za majimbo mengi, yakiwemo Münster, Paderborn na Passau. Kwa Walutheri tumia Archion, ambayo ni ya kulipia. Vitabu vya miaka ya karibuni hufungwa kwa ajili ya faragha, lakini wahamiaji wa kati ya 1830 na 1880 wako nje kabisa ya kizuizi hicho.

Ukishapata ubatizo wa mwasisi, tafuta somo wa kanisa la kijiji chake. Kwa Kijerumani utalisaka kwa neno *Patrozinium*. Matokeo mawili hujitokeza zaidi. Kama somo wa kijiji na wa kanisa la Marekani ni yule yule, na watu wengi wa orodha yako wametoka hapo hapo, una kijiji kilichohama na somo wake. Kama somo wa Marekani ni yule wa jimbo zima, na watu wako wametoka vijiji kumi tofauti, basi naona maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba walihitaji mtakatifu ambaye hakuna kijiji kingelalamika. Mwenye ushahidi mwingine na aupe nafasi, lakini anza hapo.

Vipi kuhusu makanisa ya Wajerumani Tanzania?

Swali hili huulizwa, na ni halali. Peramiho, iliyoanzishwa 1898, na Ndanda, 1906, ni kazi ya Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria, abasia yenye jina la Odilia, mtakatifu wa Alsace anayeombwa na wenye maradhi ya macho. Ila makanisa yale yalijengwa na wamisionari kwa ajili ya waamini Waafrika, hayakujengwa na jumuiya ya wahamiaji kwa ajili yao wenyewe. Kwa hiyo jina huko linaeleza shirika, na hatua ya 4 ndiyo itakayokusaidia. Ya 7 na ya 8 hazitakupa kitu.

Barua ya mwisho

Ukishajua kijiji, iandikie parokia yake au hifadhi ya nyaraka ya jimbo lake. Andika kwa Kijerumani sahili, ukurasa mmoja. Taja jina la kanisa la Marekani na mwaka wa kuanzishwa, taja waasisi wawili au watatu na tarehe zao za ubatizo ulizozipata, na uulize mambo mawili tu: kama kanisa la kijiji lina kumbukumbu ya waliohama, na kama zipo barua zao walizotuma nyumbani. Ambatanisha picha ya sanamu ya somo iliyoko Marekani. Watu wa vijijini hufurahi kumwona mtakatifu wao yuko mbali vile, na picha hufungua milango ambayo barua pekee haifungui.

Usitume orodha ya maswali ishirini. Jibu linaweza kuchukua miezi. Likija, nakala moja ipeleke kwenye ofisi ya parokia ya Marekani na nyingine kwenye hifadhi ya jimbo, pamoja na picha zote ulizopiga na orodha ya vijiji, zikiwa na tarehe na majina ya rejista ulizozitumia, ili atakayeandika jubilei ijayo asianze upya.